Nataka kumpeleka mama na watoto msitu wa Amani (Muheza) likizo ya Juni. Tulale hemani au bandani (nyumba ya wageni)?

#1 Mkazi wa Kimara

Wakuu, habari za jioni.

Kuna safari nataka niipange vizuri, naombeni wenye uzoefu mnishike mkono kabla sijalipa chochote. Tuko watano: mimi, mke wangu, watoto wawili wa miaka 11 na 7, na mama yangu mzazi mwenye miaka 69. Shule zikifunga Juni nataka tukalale msituni siku tatu au nne, Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, kule Usambara Mashariki.

Mtauliza kwa nini Amani. Mama alikulia huko. Babu alikuwa kibarua wa chai, na mama husimulia alivyokuwa akichuma iliki chini ya miti mikubwa akiwa binti mdogo, kisha wanaianika uani kwenye majamvi. Alishuka kuja Dar mwaka 1978 akiwa mke wa mtu, na tangu hapo amerudi mara mbili tu, zote kwa misiba. Msiba mnaujua: unafika usiku, mnazika, kesho yake uko stendi. Mwezi uliopita aliniambia, "Mwanangu, nataka niusikie ule ukungu asubuhi kabla sijaondoka." Sijalala vizuri tangu aniambie maneno hayo.

Wanangu nao msitu wanauona kwenye televisheni. Mti mkubwa waliokuwa wanaujua ni mwembe wa jirani, na mwaka jana ulikatwa kupisha ukuta.

Wazo langu la kwanza lilikuwa hema. Ni nafuu, na mtoto mkubwa analililia. Lakini magoti ya mama yanamsumbua, kuinama na kutambaa kuingia hemani sidhani kama ataweza. Usafiri ni gari yangu ndogo, IST. Je, IST inafika Amani mwezi wa sita? Tujipikie au kuna wa kutupikia? Na wapi pa kulala, chini Zigi kwenye lango la hifadhi au juu Amani kwenyewe?

Natanguliza shukrani.

#2 Kipepeo Tabata

Nafuatilia kwa karibu mkuu. Mimi na mume wangu tuna mpango kama huo mwezi wa tisa.

#3 Dereva wa Mikoani

Mkuu, nikujibu la gari maana njia ile nimeipita sana.

Dar mpaka Muheza huna tatizo, ni lami tupu: Chalinze, daraja la Wami, Mkata, Segera, hapo unakata kulia kuelekea Tanga. Ondoka Kimara saa 11 alfajiri, usije ukakutana na foleni ya malori. Vijiji ni vingi na kila kijiji ni mwendo wa 50, kwa hiyo ukiwa na mzee na watoto, ukisimama kula na kujinyoosha, hesabu saa sita au saba mpaka Muheza mjini. Usijidanganye na hesabu ya kilomita.

Safari yenyewe inaanza Muheza. Kutoka pale kwenda Amani ni kilomita thelathini na ushee tu, ila unapanda mlima. Mpaka Zigi gari ndogo inakwenda taratibu kukiwa kukavu. Toka Zigi kwenda juu Amani ni kama kilomita 10 za kona na udongo mwekundu, na msitu umefunika barabara, jua halifiki chini. Sehemu isiyofikiwa na jua inakaa na tope siku tatu baada ya mvua kuisha. Wengi hawaelewi hapo. Wanaangalia mbingu, wanaona jua, wanapanda, wanakwama.

IST iko chini, na ukiwa na watu watano na mizigo inashuka zaidi. Ningekuwa mimi ningeiacha Muheza sehemu yenye mlinzi, nikakodi gari ya juu yenye dereva wa kule kule. Patana naye kwenda na kurudi, na siku ya kurudi mpigie jana yake kumkumbusha.

#4 Mama Wawili

Kaka yangu, la hema nikueleze mimi, yaliyonikuta sitaki yampate mama yetu.

Mwaka juzi tulikwenda Lushoto, tukapiga kambi karibu na msitu wa Magamba, ilikuwa Julai. Hema tulinunua Kariakoo, zuri kwa macho. Usiku wa kwanza hapakunyesha hata tone, lakini saa tisa tuliamka blanketi zimelowa. Pumzi za watu wanne ndani ya hema lisilopitisha hewa, na nje baridi: maji yanajijenga juu kwa ndani na kudondoka. Turubai la chini tuliacha limechomoza nje ya hema, umande ukateremka ukaingia chini yetu. Mtoto wangu mdogo wa miaka mitano alipata kifua, tukarudi kabla ya siku zetu. Niliumia sana, maana mimi ndiye niliyepanga.

Mambo niliyojifunza: kama mtalala hemani, turubai la chini likunjwe liwe dogo kuliko hema. Dirisha la juu liachwe wazi kidogo hata kukiwa na baridi. Baridi ya Usambara inatokea ardhini kuliko angani, kwa hiyo kinachotandikwa chini ni muhimu kuliko cha kujifunika. Mkeka, godoro jembamba, halafu blanketi, ndipo mtu alale. Na hema la "watu wanne" ni la watu wawili na begi.

Ila kwa mama wa miaka 69, bandani tu kaka. Usiku anaamka kwenda haja mara ngapi? Choo kiko mbali kiasi gani, kina ngazi, kina taa, ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Uliza hayo kabla hujauliza bei. Mtu wa magoti akijua choo ni cha kuchuchumaa anaacha kunywa maji mchana kutwa ili asiende, na hapo ndipo anapougua.

#5 Mpanda Vilima

Mkuu kwa nini usiende Uluguru? Unapanda treni ya SGR, chini ya saa mbili uko Morogoro, unapandisha mpaka Morningside, unapiga hema jirani na lile jengo la zamani la Wajerumani, mji wote unauona chini. Au Udzungwa, unalala Mang'ula na unapanda maporomoko ya Sanje, maji yanashuka mita 170. Mandhari utapata na hela ya mafuta utaokoa.

#6 Mkazi wa Kimara

Mpanda Vilima asante sana, nimeziandika zote, watoto wakikua nitawapeleka. Ila Morningside na Sanje ni za kupanda kwa miguu, mama atabaki chini anatusubiri. Na safari hii ni ya kwake. Watoto ndio wanaomsindikiza.

Dada Mama Wawili, hilo la choo sikuwa nimelifikiria kabisa. Nimempigia mama nikamuuliza, akanyamaza kidogo, akasema ndicho kitu alichokuwa anakiwaza akashindwa kuniambia. Mungu akubariki.

#7 Mbondei

Nimekuta uzi umechangamka, ngoja nami niweke langu. Nimezaliwa Muheza, nimesoma huko, niko Temeke mwaka wa kumi na nne.

Kwanza kuhusu Zigi au Amani. Zigi ni chini, kandokando ya mto, joto kidogo, na mbu wapo. Pale ndipo lango la hifadhi. Wajerumani walijenga reli ndogo kutoka Tengeni ikaishia hapo, ya kushushia magogo, na ile nyumba ya mkuu wa stesheni bado ipo. Amani ni juu, karibu mita 900 kutoka usawa wa bahari. Huko ndiko kwenye ukungu anaousema mama. Wajerumani waliweka kituo chao cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, wakapanda miti kutoka pande zote za dunia, na bustani hiyo ipo mpaka leo. Baadaye pakawa mahali pa utafiti wa malaria kwa miaka mingi. Hifadhi yenyewe ilitangazwa mwaka 1997, na ndiyo ya kwanza ya aina yake Tanzania. Pote pawili kuna nyumba za kulala wageni na sehemu za kupiga hema.

Ushauri wangu: laleni juu Amani, nyumba ya wageni, usiku wote. Msihamehame. Watu wa Dar wakija wanataka leo Zigi, kesho Amani, keshokutwa kwenye maporomoko, wanashinda wanafunga mizigo. Msitu haukimbiliwi. Ukikaa sehemu moja siku ya pili ndege wanakuzoea, siku ya tatu unaanza kuona vitu vilivyokuwepo tangu siku ya kwanza: kinyonga mdogo kama jani kavu, mbega juu kabisa anakuangalia, ua la zambarau kwenye jiwe lenye uoto wa kijani. Hilo ua, Wazungu wanaliita African violet, linauzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani, na wengi wanaolipanda dirishani hawajui limetoka kwetu. Ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyepeleka mbegu kwao miaka ya 1890. Mwonyeshe mtoto, ila asilichume. Limebaki sehemu chache.

Pili, mvua. Juni masika yameisha kwa kalenda ya Dar, lakini milima ile inapokea upepo wa bahari moja kwa moja, mawingu yakigonga pale lazima yamwage. Mvua ya rasharasha inaweza kunyesha mwezi wowote. Watoto wavae gambuti, raba ziwe za akiba. Kila mtu awe na koti la mvua, miavuli haifai kwenye vijia. Nguo zifungwe kwenye mifuko ndani ya begi. Msije na ile mifuko laini ya plastiki, ilipigwa marufuku tangu Juni 2019. Kiroba cha salfeti kwa nje na mfuko mzito wa zipu kwa ndani vinatosha.

Tatu, kuni. Usidhani kwa kuwa ni msituni utaokota kuni. Ile ni hifadhi, huokoti, hukati, huwashi moto popote unapojisikia. Njoo na jiko dogo la gesi, au patana na akina mama wa kijijini wawapikie. Mimi ningechukua la akina mama. Mtakula ugali, maharage ya nazi, mboga za kule, ndizi, na chai ya iliki mbichi ambayo mama ataitambua kwa harufu kabla kikombe hakijafika. Ila toa taarifa siku mbili kabla. Kule hakuna duka la kukimbilia saa mbili usiku.

La nne ndilo lililo moyoni mwangu. Mto Zigi unaotoka kwenye misitu hiyo ndio unaojaza bwawa la Mabayani, na watu wa jiji la Tanga wanakunywa maji hayo. Wageni wanateremka mtoni na sabuni na poda ya kufulia. Naombeni sana, teka maji, ogea mbali na mto, maji machafu mwaga kwenye ardhi. Taka zote rudini nazo Muheza. Sisi tuliobaki na ndugu huko tunaona nani amepita kwa alichoacha.

Mama ametokea upande gani? Kama ni pande za chai nitakuelekeza njia ambayo gari inafika karibu.

#8 Mwanahewa

Mtoto mkubwa asinyimwe hema jamani. Fanyeni hivi: wikiendi moja kabla ya safari mpelekeni Pugu-Kazimzumbwi, hapo Kisarawe. Ni msitu wa hifadhi, una sehemu ya kupiga kambi na bwawa la Minaki, na kutoka Kimara si mbali. Mnalala usiku mmoja, mnajua hema linavuja wapi, tochi ipi haina betri, nani anaogopa giza. Kikiharibika kitu asubuhi mko nyumbani.

Tahadhari ni siafu. Chakula kisilale ndani ya hema, hata biskuti kwenye mfuko wa suruali. Hema lifungwe zipu muda wote, na kabla ya kulipiga zunguka uangalie kama kuna njia yao. Viatu vikung'utwe asubuhi kabla ya kuvaa.

#9 Mkazi wa Kimara

Nimesoma kila neno, na mke wangu nimemsomea.

Mbondei, mama anasema wao walikuwa upande wa Derema. Nilipomtajia jina lako la humu jukwaani akaniuliza, "Huyo ni mtoto wa nani?" Nikamwambia simjui, akasema mwambie namsalimu.

Mpango sasa uko hivi. Jumamosi ijayo mimi na watoto tunalala Pugu na hema. Amani tunakwenda wiki ya mwisho ya Juni, usiku wanne, wote nyumba ya wageni juu. IST inabaki Muheza, tunapanda na gari ya kukodi. Nimeuliza choo: ni cha kukaa na kiko ndani. Chakula cha jioni tutapikiwa, asubuhi tutajitengenezea wenyewe. Dawa za presha za mama nabeba za wiki mbili kwa siku tano, nusu kwenye begi langu, nusu kwenye lake, na nimejua Hospitali Teule iko pale Muheza likitokea la kutokea. Vyandarua nabeba vyetu.

Swali limebaki la malipo. Mtu mmoja amenipigia anasema nimtumie hela ya nyumba na ya kiingilio kwenye simu yake, atanipangia kila kitu. Nifanyeje?

#10 Mbondei

Msalimie mama, mwambie Derema bado iko palepale, na iliki wanalima.

Usimtumie mtu hela mkononi. Hifadhi iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Unawasiliana na ofisi ya hifadhi, wanakupa namba ya malipo ya serikali, unalipa kwa benki au simu, unapata risiti yenye jina lako. Kuna kiingilio kwa siku, kuna malazi, kuna mwongozaji, kila kimoja peke yake, kwa hiyo uliza jumla na uliza kama VAT imo. Beba kitambulisho cha NIDA kwa watu wazima, Mtanzania analipa kwa shilingi na kwa bei tofauti na mgeni wa nje. Mwongozaji mchukue. Ukienda mwenyewe utaona miti. Ukienda naye ataitaja.

#11 Mama Wawili

Na kaka, chapisha risiti kwenye karatasi. Mtandao kule unakuja na kuondoka, usije ukasimama langoni unapandisha simu juu kutafuta risiti huku mama kakaa juani.

#12 Mkazi wa Kimara

MREJESHO

Wakuu, tumerudi salama juzi Jumapili. Nawaandikia nikiwa bado na tope kwenye gambuti.

Pugu ilitufaa sana. Zipu ya hema iligoma saa nne usiku na yule mdogo aliogopa sauti za komba, akalia. Nilifurahi amelilia Kisarawe. Tulipofika Amani alikuwa anawaeleza wengine, "Huyo ni komba, anaita mwenzake."

Dereva wa Mikoani, ulisema kweli tupu. Tulifika Muheza saa saba mchana, jua kali, nikaanza kujutia hela ya gari ya kukodi. Baada ya Zigi nilinyamaza. Kuna kona mbili yule kijana alishuka kuangalia tope kwanza kabla ya kupita. IST yangu ingelala pale.

Usiku wa kwanza mvua ilipiga bati mpaka alfajiri. Nilikuwa macho nawaza tungekuwa hemani. Asubuhi kama saa kumi na mbili na nusu nikasikia mlango. Mama alikuwa ametoka na kanga yake kichwani, amekaa kwenye ngazi za baraza. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye nyasi, miti unaiona shina tu, juu imepotea. Nikakaa naye. Hakusema kitu muda mrefu, akawa anataja majina ya watu, mmoja mmoja. Wengine sijawahi kuwasikia.

Siku ya tatu tulikwenda Derema. Nyumba yao haipo, pana migomba. Lakini alikutana na mama mmoja waliyekuwa wakichuma iliki pamoja. Walishikana mikono dakika nzima hawajaongea, halafu wakaongea mpaka saa tisa. Mwongozaji wetu alikuwa na subira, hakutuharakisha hata kidogo.

Watoto walitembea usiku na mwongozaji, wakaona vinyonga vinne. Wamelala kwenye matawi membamba, ukiwamulika tochi wanang'aa weupe. Wa kiume sasa anataka kusomea wadudu na wanyama. Lile ua nalo tulioneshwa, liko kwenye jiwe kando ya kijito, dogo kuliko nilivyodhani.

Nilikosea mawili ili wengine msirudie. Sikubeba kamba ya kuanikia, na nguo zikilowa kule hazikauki siku mbili. Na tulibeba pesa taslimu kidogo. Akina mama waliotupikia, mwongozaji, iliki, ndizi, vyote ni taslimu.

Kurudi tulisimama Muheza tukajaza machungwa, ndio msimu wake. Mama amerudi na kilo mbili za iliki, amezianika kwenye ungo barazani hapa Kimara, na nyumba nzima inanukia.

#13 Kipepeo Tabata

Nimesoma mrejesho huku machozi yananitoka. Je, sisi wa mwezi wa tisa tutakuta ukungu huo? Na hema linafaa, tuko wawili tu, hatuna mzee?

#14 Mbondei

Septemba ni kukavu zaidi, njia nzuri, hema linafaa kabisa kwa watu wawili wenye miguu. Ukungu upo, ila uamke mapema, saa mbili unakuwa umeshapanda. Msivuke hadi katikati ya Oktoba, vuli zikianza zile kona za juu ya Zigi zinarudi kuwa kama alivyoziona mkuu. Ukifika ofisini waulize sehemu ya kupiga hema yenye kibanda cha kupikia karibu.

#15 Mkazi wa Kimara

Kipepeo, hema letu likikufaa njoo ulichukue Kimara, zipu nimeshabadilisha. La watu wanne, maana yake linawatosha nyie wawili na begi.